Sumu Ambayo Sikuipika

Mume wangu alianza kuniambia nionje chakula chake mwaka ule barabara ya kwenda kwao ilipokatika kabisa. Hakusema kwa ukali. Alisogeza sahani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, upande wangu wa meza, akaangalia dirishani, akasema, "Anza wewe." Nilidhani ni upole tu, mwanaume anamkaribisha mke wake. Nilimega tonge la bugali, nikachovya, nikameza. Alinitazama shingoni mpaka chakula kiliposhuka, akangoja tena kidogo, ndipo akanawa mikono.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na siku zilizofuata. Binti yetu, ambaye alikuwa bado shule ya msingi, ndiye aliyeuliza kwa sauti kile nilichokuwa nakikwepa.

"Papa, juu ya nini mama anaonjaka chakula yako?"

Papa yake aliinamia sahani. Mimi nilijifanya natafuta chumvi. Nilisimama jikoni nimeshika kikopo cha chumvi, uso ukiniwaka, na nilipotoka nje kumwaga maji sikuweza kuinua kichwa kwa jirani aliyenisalimia kutoka upande wa pili wa ua. Mke anaweza kutukanwa, hata kupigwa, na majirani wakamwonea huruma. Mke anayeonjeshwa chakula alichopika mwenyewe hahurumiwi na mtu. Anaogopwa.

Mume wangu hakuwa mtu wa Butembo. Alizaliwa Kasai, mbali sana upande wa magharibi, na serikali ilimtuma kwetu kufundisha kemia na biolojia katika shule ya sekondari kabla vita havijaanza. Mimi ni mtoto wa Kipese, kule juu kwenye baridi ya Lubero, ambako baba yangu alilima viazi na vitunguu. Tulijuana parokiani. Ndugu zangu walinung'unika kidogo kwamba naolewa na mgeni ambaye hata hasemi Kinande, lakini alikuwa Mkatoliki, alikuwa mwalimu, na alicheka vizuri. Wakanyamaza.

Vita vilipoigawa nchi, sisi tulibaki upande wa waasi na askari wa kigeni waliokuja nao, na kwao kukabaki upande wa serikali. Barua hazikupita. Hakujua kama mama yake bado yuko hai. Watu wa jimbo lake waliokwama Butembo kama yeye walikuwa wachache: walimu wengine, na karani mmoja wa ofisi ya ardhi ambaye walimfanya kama mkubwa wao. Kila Jumapili baada ya misa walikusanyika kwa karani huyo, wakasema lugha yao na kuulizana nani amesikia habari gani kwenye redio. Mume wangu alirudi kutoka kule akiwa amechangamka, au akiwa kimya. Miaka ile alirudi kimya mara nyingi zaidi.

Tumbo lake lilimsumbua tangu siku nilipomjua. Kiungulia, kucheua, kidole kikibonyeza chini ya kifua. Alikuwa na dawa yake mwenyewe: chaki. Alirudi kutoka darasani na vipande mfukoni, akavitafuna kama pipi, meno yakawa meupe. "Ni calcaire, mama," aliniambia akicheka, yaani mawe ya chokaa. "Asidi ikikutana na calcaire inakufa. Nabafundishaka hii kila mwaka." Wanafunzi wake walilijua jambo hilo na walimpenda kwa sababu yake.

Kisha chaki ikaacha kusaidia. Alikula matonge machache akasema ameshiba. Mshipi wake uliongezwa tundu kwa msumari, na baadaye tundu lingine. Shingo ilikonda ndani ya kola ya shati hadi nikaona aibu kumwacha aende kazini vile, kana kwamba simlishi. Nilimpikia uji wa mtama na wa soya, nikamtafutia maziwa ya Lubero. Alivirudisha vyote, mara nyingine jioni, mara nyingine kesho yake, na katika matapishi niliona maharagi yale yale aliyoyala jana, mazima, kama vile hayakuwahi kupita mahali popote.

Kwetu mtu anapokonda hivyo huku tumbo likimuuma, watu hawaulizi ana ugonjwa gani. Wanauliza ni nani aliyempa. Vita vilikuwa vimelizidisha jambo hilo. Watu walikufa bila sababu kujulikana, jirani alimshuku jirani, na neno sumu lilitembea mjini kila siku. Karani wa ardhi alilisema kwanza Jumapili moja, kwa lugha yao. Mwalimu mmoja mwenye mke wa kwetu alimweleza mkewe, na mkewe akanieleza mimi, kwa wema, akinishika mkono.

"Banasema ni wewe," aliniambia. "Banasema ndugu zako hapana kumupenda, unataka akufe huku, mutoto abakie wa kwenu."

Niliuliza, "Naye? Yeye anasema nini?"

"Ananyamaza."

Karani alimpeleka kwa mganga wa kienyeji pembeni mwa mji, mtu aliyesifika kwa kutapisha sumu. Nilikwenda nao kwa sababu mume wangu hakuweza tena kupanda kilima bila kushikwa. Niliambiwa ningoje nje. Nilisimama ukutani pamoja na wagonjwa wengine nikamsikia akitapika huko ndani, kwa muda mrefu, sauti kama ya mtu anayepasuliwa. Karani akatoka amebeba beseni. Akaliweka chini mbele yangu, mbele ya watu wote.

"Angalia, semeki," akasema. Semeki ni shemeji, ndivyo tunavyosema. "Iko nyeusi. Munganga anasema mutu mwenye alimupatia iko karibu na sufuria."

Niliangalia. Sisi watu wa Butembo tunaijua kahawa. Imejenga nusu ya nyumba za mjini. Kilichokuwa ndani ya beseni kilifanana kabisa na machicha ya kahawa. Leo najua kwamba ilikuwa damu yake mwenyewe, iliyokaa ndani ya tumbo ikaungua kwa asidi hadi ikageuka nyeusi. Siku ile sikujua. Nilitazama kile kitu cheusi, na mbele ya watu wale wote nilianza kujiuliza ni nini nilichompikia. Labda mihogo haikukaa majini vya kutosha. Labda mafuta. Nilikuwa najua sikumpa sumu, na bado nilisimama pale kama mtu aliyekamatwa, macho chini, na ukimya wangu ukachukuliwa kuwa jibu.

Baada ya hapo ndipo akaanza kuniambia nionje.

Habari ilienea kama habari zinavyoenea. Jirani alifiwa na mtoto, nikapika sufuria ya maharagi nikaipeleka kwenye matanga kama ilivyo desturi. Wanawake walinipokea vizuri sana. Walinipa kiti. Nilipotaka kukaa jikoni pamoja nao kumenya ndizi, mmoja akaninyang'anya kisu taratibu, akasema, "Hapana, mama, pumuzika tu, uko na mugonjwa kwako." Nilikaa kwenye kile kiti wakati wenzangu wote wakifanya kazi. Jioni sufuria yangu ilirudishwa. Ilikuwa imejaa vile vile, mfuniko umefungwa kwa kitambaa changu, fundo langu halikuguswa. Niliyamwaga maharagi yale nyuma ya choo ili binti yangu asiyaone.

Mama yangu alisikia huko Kipese, akashuka na mfuko wa viazi. Alikaa mezani nasi mara moja tu, akaona nikionja. Aliniita nyuma ya nyumba.

"Chukua mutoto, twende nyumbani."

"Nikienda, mama, batasema nimekimbia."

"Na ukibakia?"

"Nikibakia, banasema tu."

Alilia. Sijawahi kumwona mama yangu akilia kwa hasira namna ile. Aliondoka asubuhi, na hakumuaga mkwewe, jambo ambalo kwetu ni zito.

Ni mkubwa wa shule aliyetuokoa, prefe, kwa maneno machache. Alikuja kumtembelea, akamwona amelala kwenye kiti, akasema kuna daktari wa upasuaji huko Beni aliyesomea nje, mgonjwa apelekwe kwake bila kuchelewa, mambo ya waganga yatangoja. Karani alisema atatusindikiza. Nadhani alitaka kunichunga.

Tulipata nafasi juu ya lori la mbao. Kutoka Butembo kwenda Beni unashuka, baridi inabaki nyuma, na mtu anavua makoti moja moja. Mume wangu hakuvua lake. Nilikaa naye juu ya mbao nikimshikilia kichwa na ndoo. Kwenye kizuizi kimoja, barrière kama tunavyoita, askari walisimamisha lori, wakamwona akitapika, wakarudi nyuma kwa hofu.

"Huyu anabeba maladi gani?" mmoja akauliza.

Karani akajibu kabla yangu. "Chef, hapana maladi ya kuambukiza. Balimupatia sumu." Na akanionyesha kwa kidevu.

Askari akanitazama. "Wewe, mama. Shuka."

Nilishuka. Abiria wote walikuwa wanaangalia, wanawake wenye makapu ya kuku, mzee mmoja mwenye rozari. Nilisimama barabarani na matapishi kwenye kitenge changu. Nilimtazama mume wangu kule juu nikingoja aseme neno moja. Alifumba macho. Alikuwa mgonjwa sana, ninamtetea hivyo kila mara ninapokumbuka, lakini macho aliyafumba mwenyewe.

Aliyesema ni dereva. Alitoa kichwa dirishani kwa uchovu. "Chef, ukimubakisha huyu mama, ndoo atashika nani? Ni wewe utapanda?"

Askari alitazama ndoo. Akatema mate, akapunga mkono. Nilipanda tena, na hakuna mtu aliyenipa mkono kunivuta.

Daktari wa Beni alikuwa kijana kuliko nilivyotegemea, sauti ya chini, nguo ya kijani iliyofuliwa hadi ikapauka. Alimuuliza mume wangu maswali ambayo hakuna aliyekuwa amemuuliza. Anatapika chakula cha lini? Cha jana, hata cha juzi. Analala upande gani? Alikuwa na kiungulia tangu lini? Tangu utoto. Kisha akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akamtikisa kidogo, akatuambia tusikilize. Tulisikia maji yakigonga ndani ya tumbo lake kama ndani ya jerikeni iliyojaa nusu.

"Mulango wa kutokea tumbo umefungwa," daktari alisema. "Chakula hapana kupita. Lazima tufungue tuone."

Karani akamweleza juu ya sumu. Daktari alimsikiliza hadi mwisho, bila kucheka. "Tutafungua tuone," akasema tena. Karani hakuwa na subira ya kungoja. Ofisi yake ilimhitaji, njia haikuwa salama, akarudi Butembo na lori lile lile kabla ya upasuaji. Hivyo yale yaliyofuata hakuyasikia, na hilo lilinigharimu miaka.

Walimpasua. Daktari alinieleza uani, karibu na moto ambapo wasindikizaji wa wagonjwa tulipika, kwamba alikuta uvimbe mgumu kwenye sehemu ya mwisho ya tumbo, umeshikamana na vitu vingine, hauondoleki. Alichofanya ni kutengeneza njia nyingine ya chakula kupita pembeni. Alikata kipande kidogo cha nyama, akakituma Uganda kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka mpaka, kwa sababu kwetu hapakuwa na mtu wa kukiangalia kwa darubini.

Tulingoja majibu hospitalini. Mume wangu alianza kunywa uji, na uji ukashuka. Uani pale hakuna aliyenijua. Wanawake wa Mabalako na wa Beni walikula kwenye sufuria yangu, nami kwenye zao, tukaazimana chumvi, na kuna asubuhi nilipojikuta naimba huku nasonga bugali. Nikaona haya mara moja. Mume wangu anakufa, mimi naimba kwa sababu mwanamke nisiyemfahamu amelamba mwiko wangu.

Majibu yaliporudi, daktari alivuta kiti akaketi kati yetu.

"Ni kansa," alisema. "Kansa ya tumbo. Na pale kando ya kansa, balikuta tududu, tudogo sana, ya kuonekana tu kwa microscope. Ni bactérie. Tududu tule tunakaa ndani ya tumbo ya mutu miaka mingi."

Mume wangu aliinuka kwenye mto. Kwa mara ya kwanza tangu miezi mingi nilimwona mwalimu. "Docteur, nakukatalia. Ndani ya tumbo iko asidi. Bactérie haiwezi kuishi mule."

"Hata sisi balitufundisha vile," daktari alisema. "Lakini inaishi. Inatengeneza kitu kinachozima asidi pembeni yake."

Mume wangu alifikiri. Midomo ilitikisika kama alivyokuwa akifanya mbele ya ubao. "Urée," akasema polepole, yaani urea, ile iliyomo kwenye mkojo. "Inachukua urée, inatoa amonia. Amonia inapambana na asidi." Akanigeukia, akaanza kunieleza, kwa furaha karibu, jinsi kijidudu kinavyojijengea nyumba ndani ya moto. Nami nilitikisa kichwa kama mwanafunzi.

Daktari akaendelea. Alisema watu wengi sana hubeba kijidudu hicho, wengi wao bila kujua, na wengi hawapati kansa. Lakini kwa wengine kinachokoza tumbo bila kupumzika. Tumbo linawaka, linafanya vidonda, linapona, linachokozwa tena, na ngozi ya ndani inabadilika polepole kwa miaka mingi, hadi siku moja sehemu fulani inageuka kuwa uvimbe. Kiungulia kile, chaki ile, vilikuwa dalili za njia hiyo yote. Mtu hukipata utotoni mara nyingi, kwa maji, kwa mate, kwa mikono, katika nyumba yenye watu wengi wanaokula pamoja.

Nilisikia "mikono" na "kula pamoja" nikainama. "Docteur, basi ni mikono yangu? Ni uchafu ya kwangu?"

"Hapana, mama. Alikuwa nako mbele ya kukujua. Pengine alitoka nako Kasai akiwa mutoto. Hata wewe pengine uko nako, hata mimi. Haiko aibu. Ndugu zake ba tumbo moja, siku njia itafunguka, bapimwe."

Mume wangu alikuwa ameacha kueleza. Aliuliza swali moja tu, na hakunitazama alipouliza. "Na ile nyeusi nilitapika?"

"Damu."

"Sumu, hapana?"

"Hapana. Hakuna mutu alikupatia kitu."

Daktari alitoka. Mume wangu alivuta blanketi hadi juu ya uso, katika joto lile la Beni, akakaa hivyo. Niliona blanketi likitikisika. Nilitaka kulifunua na nilitaka pia alie sana. Nilikuwa na yote mawili, na la pili lilinitia aibu kuliko yote niliyopitia kwenye lori.

Alipojifunua aliniambia, "Nafundishaka microbe miaka yote hii." Baadaye kidogo akasema, "Pale barrière nilikusikia unashuka."

"Ulikuwa mugonjwa."

"Nilikusikia."

Sikumwambia nimekusamehe. Nilimkanda miguu, ilikuwa imevimba.

Tuliporudi Butembo aliomba apelekwe kwa karani Jumapili, na walimu wawili wakambeba kwenye kiti. Aliwaambia watu wa kwao mbele yangu, kwa Kiswahili ili nielewe, kwamba hakuna aliyemlisha kitu, kwamba ni kansa, na kwamba kansa ile ilianzia kwa kijidudu alichotoka nacho kwao. Alitaka hata kuwachorea. Walimsikiliza kwa heshima. Karani alisema, "Tumesikia, mwalimu." Lakini nilikuwa nimejifunza kusoma nyuso. Walimwona mtu anayekaribia kufa, anayemlinda mama wa mtoto wake.

Alikufa nyumbani, asubuhi, kabla masika hayajaisha. Kwenye matanga yake wanawake wa parokia walikuja na wakapika, na mimi, mjane, sikutakiwa kugusa sufuria kwa vyovyote, kwa hiyo hakuna aliyelazimika kuchagua kama atakula chakula changu au la. Nilishukuru. Ni jambo baya kushukuru kwenye kifo cha mume wako.

Vita vilipokwisha kwa jina, ndege zikaanza kuunganisha pande zote mbili, na mdogo wa mume wangu akaja. Alifika Goma, akapanda kwa lori hadi kwetu. Alikuwa na uso wa mume wangu na sauti yake, nilipomfungulia mlango nilishika fremu. Hakuketi. Habari zilikuwa zimemfikia kupitia watu wa karani, hadi Kasai, hadi masikioni mwa mama yao.

"Nimekuja kuona kaburi," alisema, "na kumuchukua mutoto wa kaka yangu."

Binti yangu alikuwa nyuma yangu, sasa karibu kunifikia kwa urefu. Nilihisi ameshika nguo yangu.

Ningeweza kupiga kelele, ndugu zangu wangekuja. Badala yake nilimpeleka kaburini. Tulipokuwa tunashuka kutoka makaburini alisimama njiani, akabonyeza kidole chini ya kifua, akacheua, akaomba radhi. Nilimuuliza tangu lini. Alikasirika: yananihusu nini mimi? Nilimuuliza tena tangu lini, sauti yangu ikiwa kali hata mimi ikanishangaza. Akasema tangu utoto, kaka yake pia, baba yao pia, baba aliyekufa amekonda.

Nilimweleza palepale kando ya barabara, yote, kama daktari alivyotueleza, kijidudu, asidi, kidonda, miaka mingi, ndugu wa tumbo moja. Watu walipita wakisukuma chukudu, baiskeli zetu za mbao, zilizojaa makaa, wakatutazama, mwanamke anamfokea mwanaume mgeni. Sikujali. Nilikuwa nimebeba maneno yale tangu Beni bila mtu wa kuyapokea.

Hakuniamini. Lakini tumbo lilikuwa lake, na kaburi alikuwa ameliona. Kesho yake alikubali twende kliniki. Walitupima sote watatu. Yeye alikuwa nacho. Mimi pia nilikuwa nacho. Binti yangu hakuwa nacho, na nilipoambiwa hivyo nilikaa chini kwenye korido. Tulipewa dawa za aina moja, mimi na yeye, antibiotiki mbili na kidonge cha kupunguza asidi, na yeye akaambiwa akifika mji mkubwa aingizwe mpira wenye taa kooni waangalie ndani.

Tulimeza vidonge vile chini ya paa moja, tumenuna, midomo ikiwa na ladha ya chuma. Nilivificha kwenye kopo la chai jirani akija. Kuwa na kijidudu kile kile kilichomuua mume wangu, hata leo siwezi kukitaja kirahisi. Watu wangesema, kumbe ni yeye alimwambukiza. Sijui. Daktari wa kliniki naye alisema hakuna ajuaye, na kwamba karibu kila mtu anacho.

Shemeji aliondoka bila mtoto. Hakusema kwa nini amebadili mawazo, na hakuomba radhi. Alimwachia binti yangu saa yake ya mkononi.

Baadaye simu za mkononi zilipofika kwetu, alipata namba yangu kwa njia nisiyoijua. Nilikuwa sokoni alipopiga. Alisema alipimwa kwa mpira ule, walikuta vidonda vya zamani vilivyopona, uvimbe hapana, kijidudu hapana. Alisema ndugu zake wengine wamepimwa, na dada yake mmoja anameza dawa sasa, analalamika juu ya ladha.

"Ulibaambia?" nilimuuliza. "Juu yangu?"

"Nilibaambia."

"Balisema nini?"

"Balinyamaza." Kisha akasema, "Ngoja. Mama iko hapa."

Nilisikia mwanamke mzee akishika simu, akisema kwa sauti kubwa kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Sikuelewa hata neno. Mume wangu hakunifundisha lugha yao. Alisema kwa muda, kisha akasema kitu kifupi, na shemeji akarudi kwenye simu.

"Anauliza, siku ya mwisho, nani alikuwa naye."

"Mimi," nilisema. "Mwambie ni mimi. Kichwa yake ilikuwa hapa kwa mapaja yangu."

Akamtafsiria. Kwenye simu kulikuwa na sauti ya kuku, na ya redio mahali fulani, na ya yule mama akirudia jambo moja polepole, sauti yake sasa ya chini kama ya kubembeleza, tena na tena, hadi laini ikakatika.